Sista Aliyetuuliza Njia

Kwanza alitaka kusalimiwa. Ungeweza kuletwa na bodaboda kutoka Kimamba, chupa imeshapasuka, kanga imelowa, hujui kama unalia au unaimba, naye angesimama pale mlangoni pa leba mikono nyuma, akikutazama, mpaka salamu itoke. Shikamoo, Sista. Marahaba, umeamkaje? Na hilo la pili nalo alisubiri lijibiwe. Wanawake wengi wa Kilosa walimchukia kwa dakika hizo mbili, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Mwanamke aliyeweza kuifikisha shikamoo mpaka mwisho alikuwa bado na saa kadhaa. Aliyeishia njiani alipelekwa kitandani moja kwa moja, na hakuna aliyemuuliza tena habari za asubuhi.

Tulimwita Sista, basi. Wauguzi wengine wa wodi ile nao waliitwa masista, lakini wao walifuatishiwa majina yao, sista fulani na sista fulani. Yeye alikuwa Sista peke yake. Jina lake liliandikwa kwenye kibati kifuani, ila kibati kilikuwa kimegeuka, siku zote kimegeuka, na sikumbuki kuona mtu akikigeuza. Nami sitakigeuza hapa.

Alikuwa mfupi, mzito wa nyonga, na alivaa raba za bluu kama mwanafunzi. Juu ya gauni lake jeupe alifunga kanga kiunoni, jambo ambalo matroni alilikataza. "Ndiyo, matroni," alisema kwa heshima zote, na kanga ikabaki. Kabla ya kugusa tumbo la mtu alikunja mikono na kuficha viganja makwapani ili vipate joto, akasimama hivyo akiangalia dirishani, na kwa muda ule ungedhani ni yeye aliyekuja kutibiwa. Alitafuna tangawizi mbichi mchana kutwa. Hata leo nikikata tangawizi ya chai, nusu yangu inalala chali kwenye kitanda kile cha chuma.

Siku za kliniki alitukalisha kwenye mabenchi, kadi zetu mapajani, akatufundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye bango lolote ukutani. Alisema uchungu wa kuja wenyewe una adabu: unabisha hodi, unajikohoza nje, unasubiri uulizwe nani. Huu wa kuanzishiwa kwa dripu unaingia na viatu. Tukacheka benchi zima, kila mmoja akijiona salama. Alisema pia tukilia tusilie kama mbuzi, sauti juu kooni, tulie kama ng'ombe, sauti chini tumboni, kwa sababu sauti ya chini inafungua na ya juu inafunga. Wenzangu wakanigeukia wakanicheka mimi, maana wote walijua nimeolewa kwa watu wa ng'ombe.

Lakini kilichomfanya awe yeye ni njia.

Uchungu ulipompanda mtu, Sista hakumwambia avumilie. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alikaa upande wa kichwani, akashika kiuno chako kwa mkono mmoja, akasema, "Haya, nitoe hapa unipeleke kwenu." Ulitakiwa kuanzia mahali panapojulikana na kila mtu, stesheni, sokoni, stendi, halafu umpeleke hatua kwa hatua mpaka nyumbani. Maumivu yakiwepo, mnatembea. Maumivu yakiachia, mnasimama palepale mlipofika, mnatua mizigo, mnapumzika. Yakirudi, mnaanzia hapo. Asiyepumzika katikati, alisema, anazaa mara mbili.

Kilichotushangaza ni kwamba alitaka kujua kweli. Ungesema unakata kulia, angeuliza kulia kwa anayetoka au kwa anayerudi. Ungeruka kipande, angekurudisha. Kutoka kisimani mpaka msikitini kuna nini? Hakuna nyumba hata moja? Na huyo mbwa, anauma? Mwanamke yuko katikati ya maumivu ya kuona nyota, anajikuta anabishana kama mbwa wa jirani anauma au anabweka tu, na anapomaliza kubishana maumivu yameshateremka. Ndivyo alivyotuvusha. Chumba chenyewe hakikuwa na kitu kingine, ila feni iliyozunguka taratibu na pazia la kijani.

Kwa namna hiyo, akiwa amesimama kando ya kitanda kimoja, aliizunguka wilaya nzima. Alizijua barabara za ndani ya mashamba ya mkonge ya Kimamba, na vivuko vilivyosombwa na maji, na nyumba zilizohamishwa. Mara moja, sokoni, alimkuta mzee wa kijiji cha mbali akinunua kamba, akamuuliza kwa upole kama lile geti lao la nyuma bado wanalifunga kwa kamba. Mzee hakuwahi kumwona maishani mwake. Alirudi nyumbani bila hiyo kamba, akawaambia watu kuna mchawi Kilosa anayevaa raba za bluu. Mkwe wake, aliyekuwa amezaa mwezi uliotangulia, alicheka mpaka akashika mshono.

Alikuwa na mambo yake yasiyoeleweka. Aliogopa sindano. Yeye aliyetuchoma sisi bila kupepesa, siku ya chanjo ya wafanyakazi alishikwa mikono na wenzake wawili, amefumba macho, anaomba aambiwe ikiisha. Alikuwa mkali kwa wanaume waliokunja nne kwenye benchi la nje, lakini mwanamume akilia alimletea kiti.

Na hakuwahi kushikwa na uchungu. Hili nililisikia kwanza kwa wambea, nikakataa kuliamini. Watoto wake watatu wote walitolewa kwa upasuaji uliopangwa tarehe, amepigwa sindano ya mgongoni, hana habari kuanzia kiunoni kushuka. Nilipolithibitisha nilikasirika kweli. Nilimwona kama mtu anayefundisha kuogelea na hajawahi kulowa. Siku moja, mwanangu ana miezi mitano, nilimrushia neno hilo tukiwa kwenye mizani ya watoto. Hakukasirika. Aliweka kiganja kwapani kama kawaida yake.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana nauliza."

Basi, nielezee siku yangu.

Tarehe ya kadi ilikuwa imepita, siku zikafuatana, mtoto hana haraka. Halafu presha ikapanda, na daktari akaandika nianzishiwe uchungu asubuhi ya kesho yake. Binamu yangu wa Dar alikuwa amejifungulia hospitali ya kulipia, wakampa sindano ya mgongoni ya kuondoa maumivu, akanitumia ujumbe wa simu huku anazaa, na vikatuni vya kucheka juu yake. Nikamuuliza Sista kama na mimi naweza kuipata. Alisema kwetu hapa sindano hiyo ni ya anayekwenda kupasuliwa tu. Dawa iliyopo ni yeye, na kiuno changu atakisugua mpaka ngozi ilalamike.

Aliuliza aliyenisindikiza ni nani. Nikamwambia mume wangu yuko nje na mama yake. Akauliza mama yangu mimi yuko wapi. Nikasema yuko Mikumi. Akauliza kama anajua. Hapo nikawa naangalia feni, naye akageukia dripu, akaanza kuhesabu matone kwa saa yake.

Uliingia na viatu, kama alivyosema. Saa tatu nilikuwa naongea, saa nne nilikuwa nimeng'ang'ania chuma cha kitanda, na kati ya wimbi na wimbi hakukuwa na nafasi ya kumeza mate. Niliogopa. Niliogopa kwamba mwili wangu haukuwa umeamua kuzaa, umelazimishwa, na kitu kilicholazimishwa kinaweza kukataa. Nilimwambia hivyo. Sista akashika kiuno changu.

"Nitoe hapa unipeleke kwenu."

Ningeweza kumpeleka Kimamba, kwa mume wangu, njia fupi niliyoipita jana yake. Sijui kwa nini mdomo ulisema Mikumi.

Tulianzia pale malori yanapolala, kando ya barabara kuu. Nilimpitisha kwa mafundi wa pancha, matairi yamepangwa mpaka usawa wa kichwa. Tukapumzika hapo. Wimbi jingine likaja, nikamvusha barabara, nikamwonyesha gesti ya rangi ya waridi na mama wa ndizi za kuchoma, na moshi wake ukaingia wodini, naapa, niliunusa. Nyani watatu walikuwa wamekaa kwenye ukuta mfupi karibu na bomba la maji, wale wanaotoka mbugani kutafuta maganda. Nikamwambia Sista kuna nyani. Akauliza wangapi. Nikasema watatu, na mmoja ana mtoto. "Waambie wasogee tupite," akasema, nami nikawaambia, kwa sauti ya ng'ombe, na wakasogea.

Chumba kilikuwa kimekwenda. Pazia la kijani lilikuwa shamba la mahindi la mama yangu, dripu ilikuwa mvua inayoanza, na raba za bluu zilitembea kando yangu kwenye vumbi bila kutoa sauti. Maumivu yalikuwepo, sitaki nimdanganye mtu. Yalikuwepo yote. Ila yalikuwa barabara, na barabara ina mwisho.

Kisha tukafika kwenye kona ya fundi seremala, nikasimama.

"Endelea," akasema Sista. Wimbi likapita, mimi nimesimama. La pili likaja, nikiwa palepale kwenye maranda ya mbao za mninga. La tatu. Aliuliza kuna nini mbele. Nikamwambia mbele ni nyumba ya mama, hatua hamsini, mlango unatazama barabara. Akauliza kwa nini hatuendi.

Nilimweleza kwa vipande, kati ya pumzi. Kwamba mwaka mmoja ng'ombe wa wafugaji waliingia shambani kwa mama, wakala mahindi yote usiku mmoja, na mwaka uliofuata mimi nikamletea mchumba mfugaji. Hawakuwa ng'ombe wake, wala wa ukoo wake. Kwa mama wote walikuwa ng'ombe walewale. Dini nayo ikatajwa, maana mama ni mtu wa kanisani na mchumba wangu hakuwa. Tukafunga ndoa ya bomani. Siku nilipobeba begi langu mama alinisindikiza mpaka kwenye kona ile, akasema nikiivuka nisirudi. Niliivuka. Ilikuwa imepita miaka miwili, na hakuna aliyempigia mwenzake simu.

Mawimbi saba nilisimama pale. Baadaye Sista aliniambia aliyahesabu. Angeweza kunisukuma, kunipa maneno matamu ya mama ni mama. Alinifuta uso kwa pindo la kanga yake.

"Basi usiingie," akasema. "Simama hapohapo kwenye kona, uzae. Tutaingia siku nyingine."

Kitu kikaachia. Kadi ya mwanangu imeandikwa amezaliwa Kilosa, alasiri, na sibishani na kadi. Mimi najua alizaliwa Mikumi, kwa fundi seremala, juu ya maranda.

Alipomaliza kumfuta mtoto na kunilaza naye kifuani, Sista alifanya jambo alilokuwa akimfanyia kila mwanamke aliyezalia mikononi mwake, mara moja tu. Alisimama miguuni pa kitanda, mama mzima mwenye mvi, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilitamani kujificha chini ya shuka. Lakini alikuwa anasubiri, mikono nyuma, kama mlangoni. Nikasema marahaba, na nikalia kuliko nilivyolia kwa dripu.

Mzazi wa kwanza kwetu hurudi kwa mama yake arobaini ziishe. Mimi nilikaa Kimamba. Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akamwimbia mtoto kwa Kisukuma, na sikukosa kitu. Nilikosa kitu kimoja, na kila mtu nyumbani alikijua, akawa anazungumza habari za mvua.

Kila nilipompeleka mtoto kliniki, Sista alimpiga picha kwa simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka. Alisema ni kumbukumbu zake. Nilidhani anawapiga wote. Kisha ananiuliza kwa utani, tuliishia wapi? Ninamjibu, kwenye kona. "Haya," anasema, na kumwita anayefuata. Alipostaafu aliendelea kuja Kimamba mara mojamoja, anakaa karibu na cherehani yangu ninaposhona sare za shule, anampiga picha mtoto, anauliza swali lake, anaondoka. Miaka ikaenda hivyo. Mimi mwenyewe nilipita Mikumi kwa basi mara nne nikielekea Iringa, na mara zote nne niligeukia dirisha la upande wa pili nikajifanya natafuta twiga.

Mwaka jana, mvua zilipokatika, alishuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda changu, akasimama akitazama pembeni yangu kidogo. Nilijua hanioni vizuri. Jicho moja lilikuwa na ukungu mweupe na la pili limeanza. Tukasalimiana yote, hakuruka kitu. Akasema ana mtu wake Mikumi ambaye humtembelea kila mwezi, na sasa macho yamegoma, anaomba nimshike mkono. Ingekuwa mtu mwingine ningetafuta sababu. Siku ya pili yake, Jumamosi, tukapanda gari la asubuhi, yeye, mimi na mwanangu, ambaye sasa yuko darasa la pili.

Tuliposhuka penye malori nikamuuliza huyo mtu wake anakaa upande gani. Alikuwa ameshaanza kutembea, raba za bluu, mkono wake ndani ya wangu, na baada ya hatua kumi nikatambua kwamba si mimi ninayemwongoza.

"Hapa mafundi wa pancha," akasema. "Hapa uliomba maji." Alivuka barabara kwa kusikiliza. "Gesti ilikuwa ya waridi, siku hizi ni njano. Hapa uliuma kanga yangu." Kwenye ukuta wa bomba alipunguza mwendo. Mwanangu akauliza tunatafuta nini. Akaambiwa nyani watatu, ila inaonekana leo hawapo. Nilikuwa natembea ndani ya uchungu wangu wenyewe, mchana kweupe, pamoja na mtoto niliyemzaa humo.

Kwenye kona ya fundi seremala nikasimama. Maranda yalikuwepo. Fundi alikuwa mwingine.

"Mara saba," akasema Sista. "Nilihesabu. Leo huna dripu, twende."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia sitaki kufungiwa mlango mbele ya mtoto. Hakunivuta. Aliuachia mkono wangu, akaendelea peke yake, polepole, kipofu au karibu kipofu, na mwanangu akamkimbilia kumshika, na mimi nikaachwa kwenye kona nikiwaangalia wawili hao wakienda kwa mama yangu. Hilo lilinishinda. Nikawafuata.

Nilielekea mbele ya nyumba, penye mlango unaotazama barabara, ule niliomweleza siku ile. Sista alikuwa ameshakata kushoto, kwenye kijia kati ya ukuta na choo.

"Huko wameziba," akasema bila kugeuka. "Vumbi la malori. Siku hizi tunapitia nyuma."

Nilisimama nikauangalia ukuta. Kweli, mahali pa mlango palikuwa na matofali, na plasta yake haikuwa mpya. Sikuwahi kumwambia hivyo, kwa sababu sikuwa najua.

Nyuma, alibisha hodi mara moja. Mama alitoka akifuta mikono kwenye gauni, amekonda, kichwa chote cheupe, akamtazama yeye kwanza, kama unavyomtazama mtu wa kila siku.

"Umechelewa mwezi huu," akasema mama. "Picha ziko wapi?"

Kisha akamwona mtoto. Akamtazama muda mrefu, akataja jina lake, taratibu. Na mwisho akanyanyua macho akaniona mimi.

Nikasema shikamoo. Ilitoka yote, mpaka mwisho. Mama alisimama nayo. Kuku walikuwa wanachakura penye jiko, lori likapita upande wa barabara. Sista alipapasa akalipata benchi lililokuwa ukutani, akakaa, akanyoosha miguu.

"Mjibu mtoto," akasema. "Sisi tumetembea."

"Marahaba," akasema mama.

Nikavua viatu, nikaingia.